Herufi Niliyoiruka Katika Barua Yako

Kulesa, Mto Tana,
9 Mfunguo Sita, 1319.

Mpendwa mpwa wangu Faki,

Amani ya Mungu ikufikie hapo Unguja ulipo, wewe na wote wa nyumbani kwako, na hiyo mikono yako iliyozoea mbao na randa Mungu aipe nguvu. U hali gani, mwanangu? Kile kifua ulichosema kinakubana nyakati za baridi kimepoa? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama yako Mwanahamisi hajambo. Goti lake la kulia linamsumbua akishuka mtoni, lakini anashuka, na ukimwambia akae atumie watu anakasirika. Mto ulijaa mwezi uliopita ukachukua nusu ya migomba, kisha ukatuachia udongo mweusi mzuri, na mpunga umesimama.

Nimeanza tena kukueleza habari za mpunga. Ndivyo nilivyokufanyia mwaka mzima. Ukiniuliza habari za dada yako Hasina, mimi nakujibu mpunga na mto. Barua hii nimeianza mara nne, na mara tatu za mwanzo niliishia hapa hapa shambani, nikaichana karatasi.

Faki, mimi mjomba wako nimekutenda ubaya, nawe hujui. Nimemtenda ubaya Hasina, na mama yako, na mtu mmoja muungwana asiyekuwa na kosa. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mabaharia wa Kipini, ingawa huenda umekwisha kulisikia, kwa kuwa nimechelewa sana.

Watu wa Ndera huwajui. Ulikuwa umekwisha safiri miaka mitatu walipoanza kunijia. Mkubwa wao ni Mzee Buya, mkulima wa kando ya mto, mtu mwenye heshima kwao. Alishuka kwa mtumbwi mpaka hapa Kulesa, akaniambia anataka kusilimu, na shahada akaitamka mbele yangu. Baadaye akawaleta jamaa zake. Nikawa napanda Ndera kuwasomesha Fatiha, na kila nilipofika walinitandikia mkeka mpya na wazee walinyamaza nilipofungua kinywa. Sikufichi kwamba jambo lile lilinivimbisha kichwa. Kipini nilikuwa mwalimu mdogo wa chuo cha Kurani, nisiyeulizwa neno barazani. Ndera nilikuwa mtu mkubwa.

Mzee Buya ana kijana wake aitwaye Godhana. Ulipofika wakati wa kumtafutia mke, Mzee Buya alikuja na wazee wanne, wakaketi ukumbini kwangu, wakamposa Hasina. Jibu lililonipasa lilikuwa fupi. Nilipaswa kusema kwamba baba yake, Shekue, amekufa, walii wake, mwenye haki ya kumwoza, ni ndugu yake, ndugu yake yuko Unguja, tutamwandikia na tutangoja. Badala yake nikasema, "Hasina ni mwanangu. Nimekubali. Ndugu yake tutampa habari tu."

Wazee wakainua mikono, tukasoma Fatiha. Ndipo nikakuandikia wewe, kama mtu afungaye zizi ng'ombe wakiwa wamekwisha toka.

Jibu lako lilifika mwezi wa Mfunguo Nne mwaka jana, mkononi mwa mtu wa Kau. Wakati ule hapa Kulesa hapakuwa na mtu wa kusoma barua ila mimi. Hasina alikuwa amehitimu msahafu kwangu, lakini mwandiko wa barua ni wa haraka na maneno yake ni ya Kiswahili, na mimi sikumfundisha hayo wala sikudhani atayataka. Mama yako aliketi mkekani, naye Hasina akasimama mlangoni nyuma yake. Niliifungua, nikaipitisha macho kimya kwanza. Uliandika hivi, na sasa nayajua kwa moyo kama ninavyoijua Yasini: "Posa ya watu wa Ndera nimeisikia. Hasina usimwoze kwa niaba yangu. Mimi ni ndugu yake, na jambo lake nitalitazama nikija."

Nikawasomea, "Hasina umwoze kwa niaba yangu."

Sikuongeza neno. Niliruka herufi moja tu, ile sini yenye meno matatu, na maneno yote yaliyofuata yakakaa sawa juu ya uongo kama vile yalivyokuwa yamekaa juu ya kweli. Wala sikukosea. Naliiona sini ile. Nilipoiona nikawaona na wale wazee wa Ndera, nikajiona nimesimama mbele yao nikisema kwamba neno langu halikuwa neno, kwamba binti si wangu kumtoa. Niliona haya kwa wageni watano, nikaona heri niwadanganye watu wa nyumbani kwangu.

Mama yako akasema, "Alhamdulillahi, mwanangu ameridhia." Akanyosha mkono, akaitwaa karatasi yako, akaibusu.

Siku ya harusi niliingia ndani na mashahidi wawili kumuuliza Hasina. Unajua sheria yetu inasema nini juu ya bikira: akiulizwa na akanyamaza, kunyamaza kwake ni idhini. Nilimuuliza, akanyamaza. Nikatoka nje nikasema ameridhia. Nikaketi mbele ya Godhana, nikamshika mkono, nikasema mimi ni wakili wa Faki bin Shekue, kwa uwakala alionipa kwa barua, nimekuoza dada yake. Godhana akasema amekubali. Yeye alisema kweli.

Mama yako akaniambia nikuandikie, akakaa mbele yangu akinitajia maneno: mwambie Faki amri yake imetimizwa, mwambie dada yake amesitirika. Kalamu yangu ilikuwa ikienda naye akitazama. Nikakuandikia kwamba mvua zimekuwa nzuri.

Hasina alipokuwa akiondoka kwenda kwa mumewe, aliomba kitu kimoja. Alimwambia mama yako, "Nipe barua ya kaka, nikae nayo huko." Nikasema karatasi italoa mtoni. Mama yako akaifunga kwa leso mbili, moja juu ya nyingine, akampa. Nilisimama ukingoni mpaka mtumbwi ukapotea kwenye kona, na watu walidhani ninamlilia mpwa wangu.

Miezi mitano ilipita. Nilikuwa nikilala vizuri, Faki. Hilo nalo nakuambia kwa kuwa ni kweli. Mtu huzoea.

Lililotokea Ndera nimelisikia baadaye, Hasina alipolieleza mbele ya kadhi. Mto ulijaa mwezi wa Rajabu, watu wakahamia sehemu ya juu, akakaa siku nyingi kibandani bila kazi ya shamba. Akaitoa barua yako apate kuuona mwandiko wako tu. Maneno yake alikuwa anayakumbuka, maana aliyasikia, basi akaanza kuyafuata kwa kidole, moja moja, kama wanavyofanya watoto wangu chuoni. Yakawa yanalingana. Alipofika kwenye jina lake, neno lililofuata lilikuwa na herufi moja zaidi ya alivyosikia. Akadhani anakosea. Akaitafuta sini penye "salamu", akaitafuta penye "nimeisikia", akairudia ile. Zilikuwa sawa. Alikaa nayo siku mbili bila kusema na mtu.

Siku ya tatu alimsomea Godhana. Godhana hajui kusoma. Alimuuliza jambo moja tu, kama ana yakini, naye akamjibu anayo. Basi mtu yule alikunja mkeka wake akahamia kwa nduguye Tuneya siku ileile, na hakuingia tena kibandani mwa Hasina. Maji yalipopungua alikuja kumwambia mtumbwi uko tayari. Alimteremsha mpaka Kulesa yeye mwenyewe, yeye amekaa nyuma kwenye tezi, Hasina mbele kwenye omo.

Walifika asubuhi ya Jumatano, chuo kimejaa. Hasina aliingia, akaniamkia kama ilivyo desturi, akaketi mbele yangu walipoketi wanafunzi. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Akaifungua leso, akaiweka barua mkekani.

"Mjomba, nisomee barua ya kaka."

"Si nilikusomea, mwanangu."

"Nisomee tena. Mama yuko hapo nje, anasikia."

Nikaishika. Ujue kwamba hata wakati ule nilifikiri kuiruka tena, Mungu anisitiri. Nilisoma salamu zako. Nikasoma kwamba posa ya watu wa Ndera umeisikia. Nikasoma jina lake. Hapo nikasita, na watoto wote wakaacha kusoma mbao zao wakanitazama.

Hasina akaweka kidole chini ya neno. "Na hii, mjomba, ni herufi gani?"

"Sini."

"Basi isome."

Nikaisoma. Nikalisema neno lote kama ulivyoliandika, kwa sauti, mbele ya watoto wa watu niliowafundisha kwamba kuruka herufi ya msahafu ni dhambi.

Mama yako aliingia. Nilingoja anitukane, maana ni dada yangu mkubwa na ana haki hiyo. Alisimama tu, akasema, "Mahadi, niliibusu." Kisha akamshika Hasina mkono wakatoka.

Hapa nilikuwa nimeandika kwamba Hasina alilia. Barua hii ameisoma yote kabla sijaifunga, kwa kuwa ndilo sharti lake, na alipofika hapa akasema, "Sikulia, mjomba. Futa." Ndiyo sababu unaona mstari uliokatwa.

Tukashuka Kipini kwa kadhi, mimi, mama yako, Hasina na Godhana, katika mtumbwi mmoja, siku nzima bila mtu kusema na mwenziwe ila kuombana maji. Barazani kwa kadhi palikuwa na watu wengi, na wengi wao ni watu wa mtaa wetu wa zamani wanaonijua tangu nikiwa kijana. Nilidhani kadhi atatuita faragha. Alisema jambo lililotendwa mbele ya mashahidi hufunuliwa mbele ya mashahidi.

Hakunipandishia sauti hata mara moja. Aliniuliza kama anavyoulizwa mwanafunzi.

"Wewe ni nani kwa binti huyu?"

"Mjomba wake, ndugu wa mama yake."

"Ndugu wa mama ana nini katika uwalii?"

"Hana kitu."

"Ndugu yake yuko mbali. Walii akiwa safari ya mbali, uwalii wake huhamia kwa nani?"

"Kwa kadhi."

"Na mimi wakati ule nilikuwa wapi?"

"Hapa, bwana. Kipini."

"Kumbe unayajua yote," akasema, akainama kuandika.

Hilo ndilo linaloniunguza, Faki, kuliko kelele. Ningekuwa mjinga ningekuwa na pa kujificha. Njia ya halali ilikuwapo, safari ya siku moja kwa mtumbwi. Ningempeleka binti kwa kadhi, kadhi angemuuliza, na kama anataka angemwoza siku ileile. Sikumpeleka kwa kuwa kadhi angeomba kuiona barua.

Kisha akamgeukia Hasina. Akamuuliza, mjomba wako alipokuja na mashahidi, ulinyamaza kwa kuridhia? Hasina akasema, "Nilinyamaza kwa sababu nilisikia kaka ameamuru. Mtu huyu nilikuwa simjui, nitaridhia nini? Nilimridhia kaka yangu."

Kadhi akatoa hukumu yake, nami nakuandikia kwa ukamilifu, maana inakuhusu wewe. Alisema ndoa ile haikuwa. Uwakala nilioutaja haukuwapo, na nikahi isiyo na walii haisimami, hata ikiwa na mahari na mashahidi na pilau ya mji mzima. Godhana akauliza kama basi atoe talaka. Kadhi akamwambia talaka haitakiwi. Talaka hufungua kilichofungwa, na hapa hakikufungwa kitu. Watatengana tu, na kutengana kumekwisha. Mahari ni ya Hasina, hayarudi. Atakaa eda mpaka ajifungue. Na mtoto ni mtoto wa Godhana, kwa jina na kwa urithi, kwa kuwa baba aliingia kwa nia safi akidhani ni mkewe. Alirudia neno hilo mara mbili, akawatazama watu wa barazani mmoja mmoja, ili pasiwe na mtu wa kwenda kusema vingine.

Godhana, ambaye Kiswahili chake si kama chetu, akasema, "Bwana kadhi, mimi nimefanya dhambi?"

"Ulikuwa hujui. Ukikaa naye baada ya kujua, hiyo ndiyo dhambi."

"Mimi sikukaa. Siku ile amenisomea, mimi nimetoka."

Kadhi akamwambia ameifahamu dini kuliko aliyemsomesha. Nilikuwa nimeketi umbali wa mkono mmoja.

Palikuwa na mlango mmoja uliobaki, na kadhi aliufungua. Alisema eda hii ni ya Godhana mwenyewe, kwa hiyo haimzuii yeye. Walii yuko mbali, na kadhi anasimama mahali pake. Kama Hasina anataka, nikahi ya kweli itafungwa pale pale kabla ya adhuhuri. Mama yako alimtazama Hasina. Mimi pia nilimtazama, na nilikuwa nikiomba moyoni aseme ndiyo, nami nilijua kwa ajili ya nani nilikuwa nikiomba: kwa ajili yangu, aibu yangu ifunikwe upesi.

Hasina akasema, "Mpaka leo sijapata kuulizwa. Sina jibu lililo tayari. Kaka yangu alisema jambo langu atalitazama. Nitamngoja." Godhana aliinuka, akamuaga mama yako, akaenda zake.

Kuhusu mimi, kadhi alinikataza kuoza watu tena, kwa jina langu au kwa jina la mwingine. Akasema, "Na huyo ndugu yake, wewe ndiye utakayemwandikia, kwa mkono wako." Hiyo ilikuwa Shaabani. Leo ni Mfunguo Sita. Miezi saba nimekaa na amri ile nikiipa visingizio, mara wino, mara Ramadhani, mara mto.

Baada ya Idi alikuja Mzee Buya. Nilijua amekuja kunitolea maneno, na nilikuwa nimejiandaa, hata nilitaka. Mwanawe amefanywa mtu asiye na mke, na Ndera nzima inajua. Aliketi mkekani. Kisha akaniuliza kwa upole, bila kejeli yoyote, "Mwalimu, shahada yangu. Ulinipa yote? Hukuruka?"

Niliapa. Nikaitamka polepole, neno kwa neno, akaifuata. Alipomaliza alitikisa kichwa akasema, "Nimesikia. Lakini nitakwenda Kipini niitamke mbele ya mtu mwingine. Usinikasirikie." Akaenda kweli. Faki, kwa miaka mitatu nilikuwa nikihesabu kusilimu kwa mzee yule kuwa ndilo jambo litakalonitetea mbele ya Mola wangu.

Wengine nao wakaanza kuja. Kaltuma, yule mjane jirani yetu, alileta barua ya mwanawe aliyefia Lamu, niliyomsomea miaka minne iliyopita. Alitaka nimsomee upya. Nilimsomea, na haikuwa na tofauti hata nukta, maana ile naliisoma sawa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaikunja, akavuka ua akaenda kumpa Hasina amsomee. Nilisikia sauti ya Hasina kupitia makuti ikisema maneno yaleyale, na Kaltuma akilia, kwangu hakulia. Tangu hapo barua za Kulesa huenda kwa Hasina. Wanawake wanapangana uani kwa mama yako. Chuoni nimebakiwa na watoto sita.

Sasa nikupe habari njema, maana iko. Hasina alijifungua salama siku ya ishirini ya Mfunguo Nne, mtoto wa kike, mwenye nywele nyingi na sauti ya juu. Amemwita Asli. Wakati wote wa eda Godhana alikuwa akishuka kila baada ya majuma mawili na ndizi na mahindi na samaki wa kukaushwa, akiviweka kizingitini, akimuuliza mama yako hali, akirudi. Hakuomba kuingia. Siku ya saba alileta mbuzi wa akika, akamchinja kwa jina la binti yake, na mama yako akamtolea mtoto nje. Alimshika kama ashikaye maji. Watu walikuwa wakitazama, naye akasema kwa sauti, "Huyu ni mwanangu," wasikie.

Eda imekwisha. Arobaini imekwisha. Dada yako si mke wa mtu, si mtalaka, wala si mjane. Kadhi amempa karatasi inayosema hivyo, nayo ameiweka pamoja na barua yako. Godhana amerudi kuposa, safari hii kwa mama yako, na ameambiwa walii ndiye wewe.

Basi haja ya barua hii ni moja. Ukiweza kuja, njoo. Usipoweza, liandike neno lako, liwe ndiyo au hapana, ukiweka na mashahidi wawili, ulipeleke Kipini kwa kadhi. Usilipitishe kwangu. Usinitaje kuwa wakili hata kwa kunionea huruma. Na ukikubali, andika wazi kwamba Hasina aulizwe kwanza, na ajibu kwa maneno, asinyamaze.

Msamaha sikuombi katika karatasi hii. Nimekuletea haja ya dada yako, na mtu haombi lake mgongoni mwa haja ya mwingine. Nikijaliwa kuuona uso wako nitauomba kwa kinywa, na utafanya utakavyo.

Mama yako anakusalimu sana, anasema kila alfajiri anakutaja. Kaltuma anakusalimu. Godhana, tulipokutana ukingoni, alisema nikuandikie kwamba anakusalimu, na hakuongeza neno, nami siongezi. Asli bado hana salamu, ila ana haki ya mjomba mwema, na mjomba wake ni wewe.

Hasina hakunipa salamu za kukuletea. Miezi hii yote alikuwa akijifunza kuandika, peke yake, kwa kunakili barua za wale wanawake mchangani, kisha kwa mkaa, kisha kwa wino. Aliloliamua juu ya Godhana hajamwambia mtu ila mama yako. Ameliandika mwenyewe katika karatasi nyembamba utakayoikuta ndani ya hii, aliyoikunja mara nne na kuigandisha kwa gundi ya mgunga. Ameniambia niiweke. Nimeiweka. Sikuifungua, Faki, wala sikuinyanyua juani kuitazama kwa nyuma. Isome hiyo kwanza.

Mungu akupe umri, akuwekee mkono wako na jicho lako, na akupe kwa wengine uaminifu ulioukosa kwangu.

Wako akupendaye, mwenye haya mbele yako,

Mjomba wako Mahadi bin Athmani.